Wali Tunaukumbuka, Daftari Je?

Kuna aina ya makala ambayo sasa imeshakuwa utanzu kabisa katika kurasa zetu za fasihi. Mwandishi yuko mbali, pengine Dar, pengine Nairobi, pengine Leicester, na nje mvua inanyesha. Anakumbuka mgahawa wa utotoni. Palikuwa na benchi, palikuwa na moshi, palikuwa na mama mnene mwenye kicheko. Chai ilikuwa na tangawizi na chapati zilikuwa laini. Mama alimwita "mwanangu". Halafu kwenye aya ya mwisho mama amefariki, au kibanda kimebomolewa, na mwandishi anatuambia hajawahi kula tena chapati kama zile.

Nimesoma nyingi za namna hiyo. Nyingine zimenitoa machozi, sikatai. Ila nikimaliza nabaki na swali moja la kishamba: ile chapati aliilipia nani?

Swali hili linanisumbua kwa sababu ya mahali nilipokulia. Mimi ni mtu wa Turiani, wilaya ya Mvomero. Watu wa Dar wakisikia Morogoro wanaona Uluguru tu, lakini sisi tuko upande mwingine, chini ya milima ya Nguru, unapita Dakawa na Magole ndiyo unaingia. Kuna mpunga, kuna ndizi, na kuna miwa, miwa mpaka macho yachoke. Pale Madizini, jirani na kiwanda cha sukari cha Mtibwa, karibu kila mtu alikuwa anaishi kwa kalenda mbili: ya mwezi wa mshahara na ya msimu wa kukata miwa. Tumbo halina kalenda hata moja kati ya hizo. Linadai kila siku, sa'ngine mara tatu. Katikati ya tumbo la kila siku na mshahara wa mwezi ndipo alipokaa mama ntilie, na silaha yake kubwa haikuwa mwiko. Ilikuwa daftari.

Nitalirudia hilo daftari. Kwanza tuyatazame majina, maana wapenzi wa lugha tumekutana hapa.

Mgahawa ni neno la kahawa. Limetokana na "gahawa", tamko la zamani, kwa hiyo mgahawa kwa asili ni pa kunywa na kuongea. Hoteli, kwa watu wa kwetu, haina kitanda. Ukimwambia mtu wa Madizini umekula hotelini hakuulizi chumba namba ngapi. Lakini jina lenye utamu ni mama ntilie. Limetoka kinywani mwa mteja: "Mama, nitilie." Ni amri iliyovaa nguo ya ombi. Kitenzi "tia" kimevishwa kauli ya kutendea, "tilia", na anayetendewa ni mimi mlaji. Yaani jina lake la kazi limetungwa kwa upande wangu wa meza. Baadaye ofisi zikaona ntilie ni ya mtaani mno, wakaleta mama lishe, jina lililonawa mikono, linalofaa kusomwa kwenye semina. Katika majina yote mawili amebaki mama. Hakuna anayemwita muuzaji. Fundi cherehani hatumwiti baba nishonee, na kinyozi hatumwiti kaka ninyoe.

Hapo ndipo makala zetu za kumbukumbu zinapoteleza. Ukishamwita mama, chakula kinakuwa upendo, na upendo hauna bei. Mwandishi anaandika kana kwamba alilishwa, wakati ukweli ni kwamba aliuziwa, au alikopeshwa. Mtu ambaye alikuwa mfanyabiashara hodari, anayejua kupiga hesabu ya mchele, mkaa na mafuta kichwani kabla jogoo hajawika, anageuzwa kuwa bibi wa hadithi, kicheko na mapaja tu.

Sasa nijitetee kidogo, kwa sababu najua wapo watakaosema: bwana we, mwache mtu akumbuke chapati yake. Sawa. Ningeliacha kama chapati yenyewe ingekuwepo. Lakini mara nyingi hata chakula hakimo! Soma tena hizo makala. "Kitamu mno." "Cha kulamba vidole." "Ladha ya nyumbani." Haya ni maneno ya tangazo la biashara, hayana pilipili wala chumvi. Ukiuliza ule wali ulikuwa wa mchele gani, hakuna jibu. Kwetu jibu lilikuwepo. Mchele wa Mkindo una harufu yake, ukiiva unajua kutoka mlango wa pili, na mama akikosa huo akachanganya chenga, wateja walijua kabla ya tonge la tatu. Maharage yalikuwa yanachemshwa tangu usiku, yakiungwa kwa kitunguu kingi na nyanya kidogo. Kisamvu kilitwangwa, kikapikwa mpaka rangi ya kijani igeuke karibu nyeusi, kikatiwa karanga. Palikuwa na kambale wa kukaushwa, ambaye nusu ya watu walimpenda na nusu walihama benchi. Na palikuwa na ukoko. Ukoko wa wali haukuuzwa. Uligawiwa, na namna ulivyogawiwa ningeweza kuuandikia kitabu kizima.

Kuna kitu kingine ambacho sijakiona kwenye makala hata moja: masizi. Miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, ili majani makavu yaishe. Jioni wakichoma, majivu meusi yanaruka juu kama vipande vya karatasi, yanasafiri, yanatua popote, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ndoo ya maji, kwenye wali. Ndiyo maana kila sufuria kwa mama wetu lilikuwa na sinia juu yake na jiwe juu ya sinia. Mgeni angedhani ni usafi tu. Ulikuwa usafi, lakini pia ulikuwa ni kujua upepo unatoka shamba gani leo.

Daftari sasa. Lilikuwa la shule, la mistari, jalada limelainika kwa mafuta. Mimi nililifahamu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na mama huyu macho yalikuwa yameanza kumsumbua, basi jioni nilikuwa namwandikia kwa malipo ya sahani. Ukutani alikuwa ametundika kadibodi imeandikwa MKOPO KESHO na chini yake KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA. Ile kadibodi ilikuwa hadithi ya kubuni kamili. Hakuna siku hakukopesha. Aliitundika, nadhani, ili anayekopa ajue kwamba yeye amefanyiwa tofauti, ingawa ni sisi sote tulifanyiwa tofauti.

Kama mhakiki nasema hivi: sijawahi kushika maandishi ya Kiswahili yaliyobana kuliko yale. Kila mstari ulikuwa na jina, chakula, bei na tarehe. Lakini majina! Wakata miwa walikuja na msimu kutoka mikoa mingine, wengi hakuwajua kwa majina yao halisi, na wengine hawakutaka wajulikane. Kwa hiyo alinitajia alivyowaona. Shati la Njano. Mrefu wa Karakana. Asiyekula Samaki. Mume wa Yule Anayekohoa. Huyo wa mwisho aliwahi kubadilishwa katikati ya ukurasa akawa Aliyefiwa, na kuanzia hapo hadi wiki mbili mbele milo yake haina bei, pana alama ya mkwaju tu. Hakuna sentensi inayoeleza. Mwandishi wa riwaya angetumia sura nzima, na huenda angeiharibu.

Aliyelipa alifutwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Kwa hiyo anayesoma daftari lile baada ya msimu anaona kitu cha ajabu: waliokuwa waaminifu wamefutwa, hawasomeki vizuri, na waliobaki wazi, wanaong'aa kwenye ukurasa, ni wale walioondoka na deni lao. Kumbukumbu ya mgahawa ilikuwa ni ya waliokimbia. Sisi waandishi wa makala za chapati, mtanisamehe, mara nyingi tuko kwenye kundi hilo.

Na deni halikuishia kwake. Mchele aliupata kwa mali kauli, mkaa vilevile. Shati la Njano akikawia, mwenye mchele anakawia kulipwa, naye kuna anayemdai. Mnyororo wote ulikuwa umeshikiliwa na mdomo, "nitakuletea Jumamosi", na ukishikilia mnyororo kwa mdomo lazima ujue kusoma watu. Mama huyu alisoma watu kuliko nilivyofundishwa mimi kusoma mashairi. Akikutazama unavyokaa kwenye benchi anajua leo unakuja kulipa au unakuja kuongeza.

Siku zilizoonyesha hili waziwazi zilikuwa za mpira. Mtibwa Sugar walichukua ubingwa wa ligi mwaka 1999, wakachukua tena 2000, na Manungu ikawa mahali pa kuogopwa. Simba au Yanga wakija, mabasi yalijaa, na Turiani yote ilinuka vitunguu. Wageni wa mpira hawakukopa, hawangeweza. Walilipa taslimu, noti juu ya meza. Na walikula vibaya. Niseme wazi, wali wa siku ya Yanga ulikuwa mbovu, umepikwa kwa haraka, mwingine una maji. Wadeni wa daima walikuja jua limeshazama, wageni wameshaondoka, na kwao palikuwa na sufuria dogo pembeni, limefunikwa, mchele wenyewe, na ukoko wao. Mwenye fedha alipata chakula cha fedha. Mwenye deni alipata chakula chake.

Ndiyo maana nasema mgahawa unaoupenda ni ule uliokukopesha. Utamu tunaokumbuka, ule ambao tunahangaika kuutafutia maneno na kuishia kusema "ladha ya nyumbani", sehemu yake kubwa ni kuaminiwa. Mtu asiye ndugu yako alikutazama, mfukoni huna kitu, akaamua utarudi. Hiyo unaweza kuionja. Lakini ukiiandika bila daftari, msomaji haionji, anaambiwa tu.

Kitabu ninachokijua ambacho kimeelewa jambo hili kimeandikwa na Mzanzibari, kwa Kiingereza, na tukakaa karibu miaka 30 kabla ya kukisoma kwa lugha yetu. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 1994. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya Nobel. Watu wengi wanaizungumzia kama riwaya ya msafara na ya kuja kwa Wajerumani, na ni kweli. Mimi naisoma kama riwaya ya hoteli. Inaanza kwenye hoteli. Baba yake Yusuf anaiendesha katika mji wa Kawa, mji uliochangamka Wajerumani walipoufanya bohari ya ujenzi wa reli ya kwenda bara, kisha reli ikasonga mbele na mji ukabaki kuangalia treni zikisimama kuchukua kuni na maji. Mtu wa Madizini hahitaji maelezo zaidi. Anajua mji unaoishi kwa pumzi ya kitu kingine.

Kuna mgeni, Ami Aziz, tajiri wa misafara. Akija, nyumbani kwa akina Yusuf panapikwa karamu: wali unaong'aa kwa samli, mchuzi wa kuku, mchuzi wa kondoo, na vinginevyo vya kumtia mtoto wazimu. Yusuf anapenda ujio wa huyu ami kwa sababu mbili tu, chakula na sarafu anayopewa wakati wa kuagana. Tunaisoma sehemu hiyo mate yanatujaa. Ni ukurasa ambao ungeweza kukatwa ukawekwa kwenye zile makala zetu, usijulikane. Halafu Yusuf, mwenye miaka 12, anaambiwa anaondoka na ami yake, na huko anakokwenda kijana mwingine, Khalil, anamfungulia macho: huyu si ami yako, baba yako anadaiwa, wewe ni rehani.

Rudi sasa kwenye ile karamu. Hakuna neno lililobadilika, lakini samli imegeuka. Kilichokuwa ukarimu ni mdeni anamlisha anayemdai, na mtoto aliyekuwa analamba mabaki alikuwa, bila kujua, kwenye hesabu. Gurnah hakutunyima utamu ili atufundishe deni. Alitupa utamu wote kwanza, akaacha deni chini yake. Waandishi wetu wa migahawa wana kile cha kwanza, kwa kiasi, na hawajagusa cha pili.

Kuna jambo dogo ambalo msomaji wa Kiswahili analipata bure hapa, na sijui kama mwandishi alilikusudia, ila lipo. Kawa, kwa watu wa pwani, ni kile kifuniko cha chakula kinachosukwa kwa ukili, chenye umbo la pia. Na kukawa, kwa Kiswahili cha zamani kidogo, ni kuchelewa. Basi hoteli ya baba yake Yusuf iko kwenye mji ambao kwa lugha yetu ni kifuniko cha sahani na pia ni kuchelewa. Mama wa Madizini asingecheka. Yeye alikuwa na vyote viwili mezani kila siku, ila kifuniko chake kilikuwa sinia.

Pamoja na sifa zote hizo, riwaya ile nayo ina upungufu wake kwenye jambo hili. Mama yake Yusuf, ambaye ndiye mpishi, tunamwona kwa mbali. Tunajua deni la baba. Hatujui yeye samli ile aliipata kwa nani, wala alisema nini moyoni alipokuwa anaitia. Gurnah alikuwa na riwaya nyingine ya kuandika na simlaumu, lakini pengo lipo, na pengo hilo ni letu sisi tuliokaa jikoni tukiandika kwa malipo ya sahani.

Haraka ya kulijaza ni kubwa kuliko mnavyodhani. Ile mikopo ya mdomo inaondoka. Siku hizi mama lishe anadaiwa na watu wenye programu kwenye simu na wenye makaratasi, ile mikopo ambayo mtaa umeipa jina zuri kuliko wanafasihi wangeweza, kausha damu. Marejesho kila wiki, sa'ngine kila siku. Mtu anayerejesha kila siku hawezi kumkopesha Shati la Njano hadi mwisho wa mwezi, basi kadibodi ya MKOPO KESHO imekuwa ya kweli. Mara ya mwisho kwenda, lami imeshafika, benchi nyingi ni za plastiki, na malipo ni kwa simu: tuma kwenye namba hii, jina litatokea fulani. Jina halisi kabisa, la kwenye kitambulisho. Wali ulikuwa mzuri tu. Nililipa, nikatumiwa ujumbe kwamba nimelipa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kunipa jina.

Mama niliyemwandikia yupo, hapiki tena, ana jukwaa la mpunga. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, akanitazama, akasema, "Wewe ndiye ulikuwa unaandika saba kama moja." Nikamuuliza wateja anaowakumbuka. Nilitegemea, kama ilivyo kwenye makala, anitajie watu waliosifia mapishi yake. Akanitajia watatu walioondoka na deni, kiasi cha kila mmoja na alichokula mara ya mwisho. Mmoja alikula wali na kisamvu, akaomba kuongezewa, akaongezewa. "Huyo," akasema, "alikuwa anajua kula." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama sisi tunavyomtaja mshairi.

Daftari alishalitumia kuwashia jiko, miaka mingi. Lakini hayakuwa machache. Kila penye kiwanda, mashamba ya mkonge, bandari, gereji, palikuwa na mama na daftari lake. Kama kuna msomaji wa ukurasa huu ambaye nyumbani kwao limebaki moja, chini ya kabati au nyuma ya godoro la bibi, naomba atunakilie kurasa mbili tatu, majina ya kweli ayafiche, ya utani ayaache. Tulisome hapa mstari kwa mstari, kama tunavyosoma diwani, na bei ziwepo.